Sura ya Sita: Ua Kati ya Ekzosi na Pua

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba Kisii kuna shida ya hewa chafu, huenda akacheka. Gusii anayoijua yeye ni nchi ya mvua za alasiri, migomba nyuma ya kila nyumba na chai inayofika hadi ukingo wa lami. Kijani hicho kipo kweli. Kasoro yake ni kwamba kipo kila mahali isipokuwa pale kinapohitajika zaidi: zile hatua chache kati ya ekzosi ya gari na pua ya mtu anayetembea, anayeuza au anayesoma kando ya barabara.

Katika sensa ya 2019 Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576, wengi wao wakiishi kwenye vilima ambavyo shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi likabaki kipande. Ardhi inapobana hivyo, maisha huhamia barabarani. Soko, steji, gereji, kinyozi, kanisa na shule vyote vinagombea uso wa barabara. Na barabara zenyewe si za wenyeji pekee. A1 hutoka mpakani Isebania, hupita Migori na Rongo, huingia Kisii mjini na kuendelea hadi Ahero na Kisumu. Nyingine hupanda kuelekea Keroka na Sotik, na ndiyo njia ya mabasi ya Nairobi. Lori linalosafiri kutoka nchi hadi nchi hupita hatua mbili tu kutoka kwa mama aliyetandaza nyanya zake chini.

Halafu kuna milima. Gari lililosheheni mzigo likipanda kwa gia nzito huunguza mafuta mengi kwa mwendo mdogo, na injini ya dizeli iliyochoka hutema masizi. Sheria zimepunguza makali. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, na Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyopita umri wa miaka minane. Lakini gari lililoingia likiwa na miaka saba linaweza kubeba abiria kwa miaka mingine mingi, na hakuna anayelisimamisha kila asubuhi kulipima moshi.

Asubuhi ndiyo saa mbaya. Mji wa Kisii umekaa kwenye mikunjo ya vilima, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku hewa baridi huteremka na kutulia mabondeni, na mpaka jua lipate nguvu, moshi wa magari ya alfajiri na wa meko ya kuni hubaki pale pale chini. Saa hiyo hiyo watoto wako njiani kwenda shule, na pua ya mtoto iko karibu na kimo cha ekzosi kuliko ya mtu mzima.

Kinachodhuru si ule moshi unaouona tu. Chembe zenye upana wa maikromita 2.5 au chini yake ni nyembamba mara nyingi kuliko unywele, na huvuka koo hadi ndani kabisa ya mapafu, ambako nyingine hupenya kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizi hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, kiwango ambacho miji michache sana duniani inakifikia. Pumu, kiharusi na maradhi ya moyo vyote vinahusishwa nazo.

Je, mimea inaweza kusaidia? Inaweza, lakini si kwa namna tunayohubiriwa kwenye sherehe za kupanda miti.

Kazi mbili za jani

Kazi ya kwanza ya jani kando ya barabara ni kunasa. Unaweza kuithibitisha mwenyewe mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekatika. Tafuta ua ulio karibu na lami. Chuma jani moja upande unaotazama barabara, kwenye kimo cha goti, na jingine upande wa ndani, kwenye kimo hicho hicho. Futa kila moja kwa kipande cha pamba nyeupe iliyoloweshwa. Jani la nje litaacha mstari. Ile rangi ya kahawia ni udongo uliopeperushwa na magurudumu, na ule weusi unaong'ang'ania pamba ni masizi pamoja na vipande vya tairi na breki. Jani la ndani huwa safi zaidi, na tofauti kati ya pamba hizo mbili ndiyo kazi iliyofanywa na ua.

Si majani yote yanayonasa sawa. Jani lenye vinyweleo, mikunjo au nta hushika chembe. Jani pana na laini huziachilia upepo ukivuma. Majani madogo mengi hushinda makubwa machache, kwa sababu hewa hulazimika kupinda mara nyingi inapopenya katikati yake, na kila inapopinda chembe hugonga na kubaki. Mvua ikinyesha jani husafishwa na kuanza upya. Hapa Gusii imebarikiwa kuliko miji mingi: mvua za alasiri huosha nyua bila malipo, na mimea mingi haipotezi majani mwaka mzima, tofauti na Ulaya ambako miti mingi husimama mitupu wakati wa baridi. Uchafu ule, bila shaka, haupotei. Huteremka mtaroni na kufika kwenye vijito kama Nyakomisaro kinachopita mjini, kisha kuelekea Ziwa Viktoria. Ndiyo maana mtaro wenye nyasi, unaopunguza kasi ya maji na kuacha tope likitua, ni sehemu ya kazi ile ile.

Kazi ya pili haionekani kwa pamba, nayo mara nyingi ndiyo kubwa. Ua mnene hubadilisha njia ya upepo. Hewa iliyojaa moshi inapoukuta haiwezi kunyooka moja kwa moja hadi kwa mtu aliye nyuma yake. Huinuliwa juu, ikachanganyika na hewa safi, na inaposhuka tena imekwisha kuzimuliwa. Kwa hiyo palipo nyuma ya ua pana nafuu hata kama majani yenyewe hayakunasa chochote.

Faida hiyo ina masharti. Ua wenye matundu huharibu hesabu: upepo hukimbilia penye upenyo, na moshi hutoka hapo ukiwa mzito. Ua ulio mtupu chini, wenye mashina tu hadi kiunoni, humwacha mtoto bila kinga. Na kwa gesi kama naitrojeni dioksaidi, jani hunyonya kidogo mno. Nafuu yote hapo hutokana na ule upepo ulioinuliwa.

Wamarekani wameyaandika masharti haya kwa vipimo. Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na shirika lao la kulinda mazingira, EPA, unapendekeza ukanda wa mimea wenye kimo cha mita 5 au zaidi, unene wa mita 10 au zaidi, na majani yanayoanzia ardhini. Kwa Mgusii mita 10 ni shamba la mtu, na hakuna atakayelitoa. Lakini mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, wakiongozwa na Barbara Maher, walijaribu kitu chembamba zaidi katika shule za msingi mjini Manchester. Waliweka kwenye ukingo wa viwanja vya michezo miti midogo iliyopandwa kwa kubanana na kukatwa kwa kimo cha kichwa, kisha wakapima hewa pande zote. Aina iliyofanya vizuri zaidi, mti jamii ya saipresi wenye majani madogo kama magamba, ilipunguza karibu nusu ya masizi meusi yaliyokuwa yakiwafikia watoto. Ua wa kimo cha mtu hauhitaji kuhamisha jirani.

Mti unapokuwa mfuniko

Katikati ya Kisii mambo hugeuka. Majengo ya ghorofa yamepanda pande zote mbili za barabara, na upepo wa juu ya paa hauteremki kwa urahisi hadi chini. Ukipanda hapo safu ya miti mikubwa yenye matawi yanayokutana juu ya lami, utakuwa umeifunika sufuria ikiwa bado inachemka: moshi hutoka chini, unagonga matawi na kurudi kwa watu.

Hili si jambo la kubuni. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 na kundi la Prashant Kumar wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, yalilinganisha matokeo kutoka miji mingi na kufikia kanuni mbili. Katika barabara iliyobanwa na majengo, miti mirefu mara nyingi huongeza uchafu kwenye njia ya waenda kwa miguu, lakini ua wa chini huupunguza. Katika barabara iliyo wazi, ukanda mrefu, mpana na mnene husaidia, na wenye mapengo unaweza usisaidie chochote.

Ukizisoma kanuni hizo ukiwa na ramani ya Kisii na Nyamira, mpango hujiandika wenyewe. Mjini katikati, weka ua wa kimo cha kifua kati ya magari na njia ya miguu, na miti michache iliyoachana kwa ajili ya kivuli. Ukitoka mjini kuelekea Suneka, Mosocho au Keroka, na kwenye vituo vidogo kama Kebirigo ambako barabara hukata katikati ya chai, weka ua mnene na mrefu kuzunguka shule, zahanati na masoko ya wazi. Na pale ambapo hakuna mtu anayekaa kando ya barabara kwa muda mrefu, acha tu. Pesa ni chache na miche ina kazi kwingine.

Mti mkubwa una faida zake mjini: hupoza lami, hukinga jua, hupendeza. Apandaye kwa sababu hizo hajakosea. Anakosea akitangaza kwamba anasafisha hewa.

Miti tuliyo nayo

Hakuna haja ya kuagiza mimea kutoka ng'ambo. Gusii ni nchi ya nyua. Mipaka ya mashamba huchorwa kwa miti hai, na vitalu vya miche viko kando ya barabara hizo hizo. Swali ni upi una sifa na upi una jina tu.

Mkaratusi una jina. Hukua haraka, hutoa nguzo na mbao, na viwanda vya chai vinanunua kuni zake za kuchemshia mvuke wa kukaushia majani. Kwa mkulima mwenye kipande kidogo, ni akaunti ya benki iliyosimama wima. Kwa hewa ya barabarani ni mti wa bure. Shina lake ni tupu mita nyingi kutoka ardhini, hivyo moshi hupita chini yake kama vile mti haupo. Majani yake hutoa mivuke ambayo, ikikutana na gesi za magari chini ya jua kali, huchangia kutengeneza ozoni, nayo huwasha mapafu. Tena hunywa maji mengi. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya vyanzo vya maji. Mwenye nao shambani aendelee kuuvuna. Ukingoni mwa barabara hauna kazi.

Jakaranda hupendeza ikichanua, lakini hupukutisha majani wakati wa ukame, yaani vumbi likiwa jingi. Migomba ina majani mapana, laini, yaliyochanwa na upepo, na shina lisilokinga kitu. Mianzi, ambayo imekuwa ikipigiwa debe badala ya mikaratusi, ni mizuri kwa kingo za mito, ila ikikomaa huwa mitupu chini, kwa hiyo ikitumiwa barabarani sharti ipandiwe kichaka mbele yake.

Saipresi ni habari nyingine. Majani yake madogo hunasa sana, haipukutishi, na ikipunguzwa mara kwa mara tangu ikiwa changa hufungamana hadi chini. Shule nyingi za zamani nchini zimezungukwa nayo. Lakini ina historia ya kukumbukwa: mwaka 1990 chawa wa saipresi, mdudu mdogo anayefyonza utomvu, aliingia Kenya na kukausha nyua nyingi, zikabaki vijiti vya rangi ya kutu. Yeyote anayepanda kilomita nzima ya aina moja anaweka kamari. Ua wa kuaminika huwa na aina mbili au tatu.

Kayaba ni mwenzake mwema. Ni kichaka chenye miiba mirefu, kisichopoteza majani, kinachobanana kiasi kwamba kuku hawezi kupenya, na matunda yake ya manjano makali huliwa. Sharti moja: matawi yaliyokatwa yaokotwe yote, maana mwiba wake hutoboa tairi ya bodaboda na wayo wa mtoto.

Kisha kuna alizeti pori, ile yenye maua ya manjano inayojiotea kwenye kingo za njia kote magharibi mwa Kenya. Wenyeji huikata na kuifukia shambani kama mbolea, na watafiti wa kilimo mseto waliofanya kazi magharibi mwa nchi katika miaka ya 1990 walithibitisha kwamba majani yake yana naitrojeni na fosforasi kwa wingi. Jani lake lina vinyweleo, nayo huota upesi kuliko zote. Udhaifu wake ni uzuri wake: ikifika wakati wa mbolea, mwenyewe hukata yote kwa siku moja na ua hutoweka. Ikipandwa safu mbili, ikakatwa moja leo na nyingine baada ya wiki kadhaa, inaweza kuwa kinga ya kuanzia huku kayaba na saipresi zikikua nyuma yake.

Kuhusu chai yenyewe, ambayo wageni huidhania kuwa kinga tosha: hupunguzwa kila mara ibaki kimo cha kiuno, na shamba huanza bila ukuta wowote mbele. Inanasa vumbi, ndiyo, na vumbi hilo liko kwenye jani linalochumwa. Ua mbele ya chai ungemfaa mkulima kabla ya kumfaa mpita njia.

Ng'ombe, sukuma na usalama

Hapa ndipo mipango ya kitaalamu hukwama, kwa sababu Gusii hakuna jani lisilo na mwenyewe. Hifadhi ya barabara, kisheria, ni ya mamlaka za barabara zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Kiuhalisia imejaa nyasi za napia, mahindi, sukuma wiki na vibanda. Anayelima pale anajua kwamba siku ya upanuzi tingatinga litapita, na analima hivyo hivyo kwa sababu ng'ombe wa zizini anakula leo.

Sukuma iliyo mita mbili kutoka kwenye lami ni jani linalofanya kazi ya ua, kisha linaliwa. Masizi yanaweza kuoshwa kwa maji mengi. Metali zilizoingia kwenye udongo haziondoki hivyo. Petroli yenye risasi iliuzwa Kenya hadi mwishoni mwa 2005, na risasi iliyotua kwenye udongo wa kando ya barabara hukaa miongo. Breki na tairi huongeza shaba na zinki hadi leo. Ushauri hapa ni rahisi kutamka na mgumu kufuata: mboga zirudi nyuma ya ua, na majani yaliyokatwa upande wa barabara yasipewe ng'ombe wala yasiwe mbolea ya bustani. Anayetaka watu wafuate ushauri huo awape kitu cha kufidia, angalau miche ya napia ya kupanda ndani ya shamba.

Lipo pia suala la usalama. Ua mrefu kwenye kona humficha mwenda kwa miguu asionwe na dereva. Ua mrefu kando ya njia yenye giza humficha mwizi, na mwanamke anayerudi kutoka sokoni saa moja usiku ana haki ya kuukataa hata kama unamchujia hewa. Kwa hiyo kati ya barabara na njia ya miguu kimo kisivuke kifua, na kwenye kona na makutano pasiwe na ua kabisa. Kimo kirefu kiwe cha mipaka ya shule na hospitali, ambapo kuna lango na mlinzi.

Haya yote yanahitaji mtu mwenye panga na ratiba, naye ndiye anayekosekana kwenye siasa zetu za miti. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya taifa ya kupanda. Kinachohesabiwa ni miche iliyotiwa ardhini. Mwaka 2020 mugumo mkubwa wa Waiyaki Way jijini Nairobi, uliokuwa ukatwe kupisha barabara ya juu, uliokolewa kwa amri ya Rais, na ilikuwa vyema. Hakuna rais atakayetoa amri ya kuokoa ua wa kayaba. Ua hauna historia wala picha nzuri. Una kazi tu, na kazi yenyewe hufa miezi sita baada ya kusahauliwa, pengo la kwanza linapofunguka na watu kulifanya njia ya mkato.

Chukua Keroka, mji ambao Kisii na Nyamira zimeudai kwa miaka, kila moja ikitaka ushuru wa soko lake. Moshi wa mabasi yanayosimama pale hauna kaunti. Ua ukipandwa upande mmoja wa barabara na kuachwa upande wa pili, wafanyabiashara wa upande usio na ua watavuta uchafu ule ule wa jana. Kaunti zote mbili zina idara za mazingira, zote zina vijana wanaotafuta vibarua, na hakuna mgogoro wa mpaka unaozuia mtu kupunguza matawi.

Hata ukitunzwa vyema, ua ni kinga ya pili. Ya kwanza ni kupunguza moshi wenyewe: matatu izime injini ikingoja abiria, ukaguzi wa magari uwe wa kweli, malori ya safari ndefu yapewe njia isiyopita katikati ya soko, na bodaboda za umeme zipate mahali pa kubadilishia betri hata nje ya Nairobi. Mimea haisamehe dhambi za ekzosi. Lakini hatua hizo zitachukua miaka, na mtoto wa darasa la kwanza leo atakuwa amemaliza shule ya msingi kabla hazijakamilika. Alizeti pori huwa ua katika msimu mmoja wa mvua. Kaunti inayotaka kuanza iandike kwenye bajeti yake, kando ya fungu la miche, fungu la kupogoa kwa miaka mitano, na ianze na shule zilizo karibu zaidi na lami.